Mwezi wa nne hakuna anayebisha hodi

Mhariri,

Ndugu aliyeandika katika ukurasa huu wiki mbili zilizopita, yule mstaafu anayesema ameugua miezi minane na mchungaji wake hajakanyaga kwake hata siku moja, ameninyima usingizi. Barua yake nimeisoma mara tatu. Wiki iliyofuata mlichapisha majibu mawili. Moja lilimtetea mchungaji kwamba waumini ni wengi na yeye ni mmoja. Jingine lilitaka wachungaji wa aina hiyo wawajibishwe. Wote wawili walibishana juu ya mchungaji. Hakuna aliyeuliza huyu mgonjwa yuko na nani sasa hivi.

Nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka 19. Katika miaka hiyo nilitembelea wagonjwa wengi, na nilikuwa na utaratibu wangu: hodi, salamu, zaburi moja, sala, kisha maneno ya kuagia, "Tuko pamoja, tunakuombea." Dakika 20 zinatosha. Nikifika nyumbani, jina lile naliwekea alama katika daftari la ziara, na jina lililowekwa alama sikulirudia. Sikuwa mnafiki. Niliamini kabisa kwamba kazi nimeimaliza.

Kisha mke wangu akapigwa na kiharusi.

Ilikuwa alfajiri. Upande wake wote wa kulia ulilegea, mkono na mguu, na maneno yakampotea. Alielewa tulichokuwa tukisema, macho yake yalionyesha hivyo, lakini akitaka kuomba maji linatoka neno jingine kabisa, au halitoki neno. Daktari alitufafanulia kwamba kwa watu walio wengi sehemu ya ubongo inayoshughulika na lugha iko upande wa kushoto, na upande huohuo wa kushoto ndio unaoongoza viungo vya kulia. Hiyo ndiyo sababu mwili na usemi vilikwenda kwa pamoja.

Wiki ya kwanza kanisa zima lilikuja. Viti havikutosha, watu wakasimama. Wiki ya tatu walikuja wanakwaya. Mwezi wa pili walipita watu watatu au wanne wakitoka ibadani. Mwezi wa nne zilibaki simu. "Mama anaendeleaje?" Nami najibu, "Tunaendelea vizuri, Bwana ni mwema." Wanashukuru, wanakata. Jumapili jina lake lilisomwa katika matangazo pamoja na ya wagonjwa wengine, kwa mpangilio uleule, mpaka nadhani hata mimi ningekuwa nimekaa kule kwenye viti nisingelisikia tena. Siwalaumu. Walifanya nilivyowafundisha kwa miaka yote ile.

Asiyewahi kuuguza mtu wa hivi hajui usiku una urefu gani. Unamgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia. Ukimpa maji unamkalisha wima kwanza, halafu unampa kijiko kimoja kimoja ukimwangalia koo, maana koo lililolegea linaweza kuyapeleka maji kwenye mapafu. Unambadilisha. Unavinyoosha vidole vya ule mkono vinavyotaka kujikunja. Ukimaliza saa nane, saa kumi unaanza tena. Na huyu ndiye mtu uliyekuwa ukimwambia kila jambo lako kwa miaka 34, sasa anakutazama tu.

Kanisani kwetu kuna fundi seremala, mtu wa kukaa viti vya nyuma. Hajawahi kupewa cheo chochote, na sidhani kama kuna kamati iliyowahi kumtaja. Jumatano moja ya mwezi ule wa nne, saa kumi jioni, alibisha hodi akiwa na mkewe. Hakuuliza Mama anaendeleaje. Aliuliza, "Mzee, kazi gani humu ndani inakuelemea?"

Nikamwambia hakuna.

Alikaa kimya kidogo, akakitazama kitanda, akatoa futi yake mfukoni, akapima miguu ya upande wa kichwani. Tukasali, wakaondoka. Jumatano iliyofuata, saa kumi, alirudi na vipande viwili vya mbao alivyovichonga na kuvitoboa shimo katikati ili mguu wa kitanda uzame usiteleze. Tangu siku hiyo kichwa cha mke wangu kilikuwa juu usiku kucha, na kule kupaliwa na mate, ambako kulikuwa kunanitia hofu kuliko kitu kingine chochote, kukapungua. Mimi niliyekuwa nikienda kwa wagonjwa na Biblia mkononi sikuwahi hata mara moja kuangalia miguu ya kitanda cha mtu.

Jumatano iliyofuata wakaja tena. Na iliyofuata. Nilihesabu hadi 20, nikaacha. Mke wangu aliishi miaka miwili na miezi saba baada ya kiharusi, na tangu Jumatano ile ya kwanza mpaka mwisho fundi alikosa tatu tu: mbili alikuwa na msiba kwao, moja alikuwa na homa, na mara zote tatu alinipigia simu kabla. Ningependa wasomaji walielewe jambo hili. Kilichonibeba hakikuwa muda aliokaa, kwa maana mara nyingine alikaa nusu saa. Nilijua kwamba lolote litakalotokea Jumatatu lina mtu wa kulisikiliza Jumatano. Ukiwa na uhakika huo, Jumatatu yenyewe inapungua uzito.

Mwezi wa saba wa ugonjwa niliacha kuomba. Naandika hili nikijua watakaonitambua. Nilikuwa nikisimama mbele ya watu Jumapili na kuongoza sala, lakini nyumbani kwangu nilikuwa sina hata neno moja la kumwambia Mungu, na nilikuwa na hasira naye. Nilimwambia fundi pale mlangoni alipokuwa akiondoka. Nilitegemea anisomee mstari, kwa kuwa mimi ningemsomea. Alirudi ndani, akaketi, akasema, "Basi nitaomba mimi kwa sauti. Wewe kaa hapo." Akaomba sala fupi, ya kawaida kabisa. Hakumwambia mtu. Ilipita kama miezi miwili ya Jumatano za namna hiyo, mpaka siku moja nikajisikia nimeitikia Amina, na sikuwa nimekusudia.

Katika Injili ya Marko sura ya pili kuna wale watu wanne waliombeba mwenye kupooza, wakatoboa dari, wakamteremsha mbele ya Yesu. Habari hiyo nimeihubiri si chini ya mara sita, na kila mara niliongea juu ya dari. Maandiko yanasema Yesu aliiona imani yao. Yao, wale waliobeba. Kuhusu imani ya aliyelala godoroni, siku ile, hatuambiwi neno. Ilinibidi nibebwe ndipo nikaliona neno hilo moja.

Walikuja watu wa namna nyingine pia. Mgeni mmoja, ambaye simtaji, alituambia tutafute dhambi iliyofichwa ndani ya nyumba. Alisema mbele ya mke wangu, ambaye alikuwa anaelewa kila kitu. Fundi alikuwepo siku hiyo. Mgeni alipoondoka, alishuka kwenye kiti, akaketi sakafuni kando ya kitanda, na hakusema lolote mpaka giza likaingia. Wale rafiki watatu wa Ayubu tunawasema vibaya, na Mungu mwenyewe aliwakemea, lakini tusisahau walivyoanza: walipatana, wakasafiri, wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kumwambia neno. Walikosea walipoanza kumweleza sababu. Laiti wangenyamaza siku ya nane pia.

Linalofuata ni gumu kwangu kuliandika. Ilikuwa mwaka wa pili, na nilikuwa sijapata usingizi wa maana kwa usiku tatu mfululizo. Nilikuwa namvisha mke wangu blauzi, ule mkono uliopooza ukakataa kupita, nikauvuta. Alitoa sauti. Sikujua kwamba fundi na mkewe wamekwisha kufika na wamesimama mlangoni. Mkewe aliingia, akaanza upya taratibu kama tulivyofundishwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo: mkono mgonjwa huvishwa wa kwanza na huvuliwa wa mwisho. Fundi akanitoa nje. Akaniambia, "Mzee, umemvuta Mama. Na Jumatano iliyopita ulimvuta."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia hajui anachokisema, na kama anataka kuwa hakimu akahukumu nyumbani kwake. Mimi ni mkubwa kwake kwa miaka karibu 20, na nilimkumbusha hilo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Nimekusikia, Mzee," wakaaga, wakaondoka. Wiki ile nzima nilijua nimempoteza, na nilijua pia kwamba alisema kweli.

Jumatano saa kumi hodi ikabishwa. Mkewe alikuwa ameshika begi. "Leo tunalala hapa," alisema fundi. "Mke wangu atakuwa na Mama, mimi nitasaidia kumgeuza. Wewe nenda chumba kile, funga mlango." Nililala kwa muda wa saa 11 bila kugeuka. Tangu usiku ule walilala kwetu kila Jumatano. Sikuuvuta tena ule mkono. Mithali inasema jeraha utiwazo na rafiki ni amini, nami nilikuwa nikilitumia neno hilo kuwakaripia watu na kuondoka zangu. Huyu alinikaripia akarudi na begi.

Na ni katika Jumatano hizohizo tulipata zawadi ambayo bado nikiikumbuka koo linanibana. Mke wangu alikuwa amebakiwa na maneno mawili, "ndiyo" na "bado," na yote mawili aliyatumia kwa kila kitu. Jioni moja mke wa fundi alikuwa akimpaka mafuta miguu huku akisali kwa sauti ya chini, "Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe." Ikatoka sauti ya pili. Mke wangu alikuwa anasali naye. Matamshi hayakuwa safi, lakini ilikuwa sala nzima mpaka Amina, sentensi kwa sentensi, mtu ambaye hakuweza kutaja jina langu. Baadaye mtaalamu wa usemi alitueleza kwamba hutokea: maneno yaliyokaririwa tangu utotoni, na nyimbo, yanaweza kubaki hata pale uwezo wa kutunga sentensi mpya unapoharibika. Kuanzia hapo tuliimba tenzi kila Jumatano, naye aliimba. Nafikiria mara nyingi kwamba sala ile ilikuwa mle ndani yake miezi yote, na isingejulikana kama asingekuwepo mtu wa kuianza karibu na sikio lake.

Sasa nirudi kwa ndugu yetu mstaafu na wale waliomjibu.

Mchungaji kutembelea wagonjwa ni wajibu wake, sibishi. Lakini agizo la kuchukuliana mizigo Mtume Paulo hakuwaandikia wachungaji. Aliyaandikia makanisa ya Galatia, watu wote. Na Paulo huyu alijua anachokiagiza, kwa sababu yeye mwenyewe alibebwa. Waraka wa pili kwa Timotheo unatufunulia mzee aliyefungwa, ameachwa na Dema, Luka peke yake ndiye aliye naye. Anaomba aletewe joho lake aliloliacha Troa kwa Karpo. Anaomba Timotheo ajitahidi kufika kabla ya wakati wa baridi. Mtu aliyeandika Warumi sura ya nane anaona baridi, na anasema. Anamkumbuka Onesiforo, ambaye alipofika Rumi alimtafuta kwa bidii mpaka akampata, wala hakuuonea haya mnyororo wake. Kumtafuta mfungwa katika mji mkubwa kama ule kulimaanisha kuuliza huku na huku, na kila anayeulizwa anajua sasa kwamba wewe ni mtu wa yule mfungwa. Hatujui Onesiforo alihubiri nini, au kama aliwahi kuhubiri. Tunajua alifika, na alifika mara nyingi.

Ninalo pia neno kwa ndugu mwenyewe, nalisema kwa upendo kwa sababu nimekuwa mahali alipo. Yakobo anaandika kwamba mtu akiwa hawezi, na awaite wazee wa kanisa. Awaite yeye. Mimi sikumwita mtu. Nilisema "tunaendelea vizuri" katika simu huku nimesimama na shuka lililolowa mkononi, kwa sababu niliona aibu mzee wa kanisa kuonekana ameshindwa. Niliifunga nyumba yangu mwenyewe, kisha nikawanung'unikia watu kwa kutoingia. Bwana wetu usiku ule wa Gethsemane aliwaambia Petro, Yakobo na Yohana kwamba nafsi yake ina huzuni nyingi, na akawaomba wakeshe pamoja naye. Walilala. Lakini aliomba. Sijui ni kwa kiburi gani nilidhani mimi niko juu ya kuomba.

Kanisani kwetu tumejaribu jambo, nalieleza kama lilivyo. Niliiomba halmashauri kwamba jina la mgonjwa, au la mfiwa, au la anayeuguza, lisisomwe katika matangazo kabla ya kupatikana watu wawili waliokubali kwenda kwake kwa mwaka mmoja, siku moja ya wiki, siku ileile. Wawili, kwa sababu Yesu aliwatuma wanafunzi wawili wawili, na kwa sababu mmoja akiugua mwingine ataendelea. Hawapewi cheo na hawaandiki ripoti. Walibisha wengine kwamba mwaka ni mrefu mno na watu watakosekana, na kweli Jumapili ya kwanza hakuna aliyesimama, tukakaa kimya muda ambao niliuona mrefu sana. Mwishowe alisimama mjane mmoja na msichana wa kwaya. Sasa tuna majina tisa, sita kati yake yana watu wawili wanaokwenda bila kukosa. Matatu yamelegea, na tunalisema hilo waziwazi ili wapatikane wengine. Mchungaji wetu naye amechukua jina moja kama muumini mwingine yeyote, siku yake ni Ijumaa.

Mke wangu alilala usingizi wa mwisho siku ya Jumanne. Wiki ya mazishi watu walijaa tena na viti havikutosha tena, na safari hii nilishukuru kwa kila mmoja bila kinyongo. Jumatano ya wiki iliyofuata, saa kumi, fundi alibisha hodi. Nikamwambia, "Kijana wangu, mgonjwa hayupo tena." Akasema, "Nimekuja kwako, Mzee."

Bado anakuja. Ila siku hizi hatukai. Tunatoka mimi na yeye kwenda kwa kijana aliyeumia uti wa mgongo, na fundi keshapima kitanda chake pia.

Mhariri, nimeiacha namba yangu ya simu ofisini kwenu, ndani ya bahasha. Naomba mumfikishie yule ndugu mstaafu. Jumatano zangu zina mwenyewe, lakini Alhamisi niko huru siku nzima, na nina mwenzangu wa kuja naye. Aniambie tu saa inayomfaa, na kazi gani humo ndani inamwelemea.

Wako katika Kristo,
Mzee wa kanisa, msomaji wenu wa siku nyingi